Kupungua, Kunenepa, Kupungua Tena: Kwa Nini Uzito Hurudi, na Kipi Hudumu

Tuchukue kadi ya mfano ya kliniki ya kisukari. Mwezi Januari mama mwenye umri wa miaka 46 amepimwa akiwa na kilo 94. Mwezi Aprili ana kilo 85, na pembeni muuguzi ameandika neno la pongezi. Kufikia Desemba amerudi kwenye kilo 93. Mwaka unaofuata anashuka hadi 87, kisha anapanda hadi 97. Anayeisoma kadi hiyo kwa haraka atasema kwamba mama huyu hana nidhamu. Lakini mtu aliyeweza kupunguza kilo tisa kwa miezi mitatu, huku akiwapikia wengine kila siku chakula ambacho yeye mwenyewe hakukigusa, ana nidhamu kuwashinda wengi wetu tunaomshauri. Kilichomrudisha nyuma ni kitu kingine, na asipoelezwa ni kitu gani, atarudia njia ileile mara ya tatu na ya nne.

Mwili hujihami

Mwili wa binadamu hautofautishi njaa ya kujitakia na njaa ya ukame. Akiba ya mafuta inapopungua, hupungua pia leptini, yaani homoni inayotoka kwenye seli za mafuta na kuujulisha ubongo kwamba akiba ipo. Ghrelini, homoni ya tumboni inayochochea njaa, huongezeka. Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne, Australia, walichapisha matokeo ya watu wenye unene waliokula mlo wenye nishati kidogo sana kwa wiki 10 na kupungua kwa wastani wa kilo 13 na nusu. Mwaka mmoja baadaye, ingawa sehemu ya uzito ilikuwa imekwisha kurudi, homoni hizo zilikuwa bado hazijarejea katika viwango vya mwanzo, na washiriki walihisi njaa zaidi kuliko kabla ya kuanza mlo huo.

Upande wa matumizi ya nishati nako hubadilika. Mwaka 2016 Kevin Hall na wenzake nchini Marekani waliwapima watu 14 waliokuwa wameshiriki shindano la televisheni la kupunguza uzito. Wakati wa shindano walikuwa wamepungua kwa wastani wa kilo 58. Miaka sita baadaye zilikuwa zimerudi wastani wa kilo 41, na miili yao, ikiwa imepumzika, ilitumia takribani kilokalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Katika kazi nyingine ya mwaka huohuo, Hall na wenzake walikadiria kwamba kwa kila kilo inayopungua, hamu ya kula huongezeka kwa kiasi cha kilokalori 100 kwa siku, na matumizi ya nishati hupungua kwa kilokalori 20 hadi 30.

Tumkokotolee mama wa kadi yetu. Kwa kilo tisa alizopunguza, mwili wake ulimdai takribani kilokalori 900 za ziada kila siku, sawa na nishati iliyomo katika robo kilo ya unga wa mahindi. Deni hilo halikwisha mizani iliposhuka. Lilianza hapo, siku ileile alipopongezwa na kuambiwa aendelee hivyohivyo.

Tuongeze jambo moja linalowadanganya wengi. Mtu anapoacha wanga ghafla, mwili hutumia kwanza glaikojeni, akiba ya sukari iliyomo kwenye ini na misuli, na kila gramu ya glaikojeni huhifadhiwa pamoja na gramu tatu hivi za maji. Ndiyo maana wiki ya kwanza mizani hushuka kwa kilo moja au mbili, na muuzaji wa unga wa kupunguza tumbo hupata ushahidi wake. Maji hayo hurudi mara tu mlo wa kawaida unaporudi.

Je, mzunguko huu wenyewe unadhuru? Kuhusu moyo, matokeo ya tafiti yanapingana, na hakuna sababu ya mtu kubaki na uzito uliozidi kwa kuogopa kujaribu. Kuna madhara mengine yaliyo wazi zaidi. Kupungua haraka mno huongeza uwezekano wa kupata mawe kwenye mfuko wa nyongo. Pia uzito unaopotea si mafuta peke yake: sehemu yake, mara nyingi karibu robo, ni tishu nyingine, hasa misuli, na uzito ukirudi bila mazoezi, kinachorudi kwa wingi ni mafuta.

Hatari iliyo karibu zaidi ni ile ya mgonjwa wa kisukari anayeanza mlo mkali bila kuwaambia wanaomtibu. Akitumia insulini, au vidonge kama glibenklamidi na gliklazidi, kisha akaruka mlo, sukari yake inaweza kushuka ghafla: atatetemeka, atatoka jasho, atachanganyikiwa na hata kupoteza fahamu. Dawa hizo lazima zipitiwe na tabibu kabla ya mlo kubadilishwa. Anayetumia dawa za shinikizo la damu naye afuatiliwe, kwani kipimo kilichomfaa akiwa na kilo 94 huenda kikamletea kizunguzungu akiwa na 85.

Lengo dogo lenye faida kubwa

Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani wa kuzuia kisukari, uliohusisha watu 3,234 waliokuwa katika hatari ya kupata kisukari cha aina ya 2. Kundi moja lilisaidiwa kubadili mlo na kufanya mazoezi kwa dakika 150 kwa wiki, likiwa na lengo la kupunguza asilimia 7 tu ya uzito. Katika kundi hilo visa vipya vya kisukari vilipungua kwa asilimia 58 vikilinganishwa na waliopewa vidonge visivyo na dawa. Waliotumia metformini walipata punguzo la asilimia 31. Kinachostahili kukumbukwa zaidi ni yaliyofuata. Wengi wa kundi lile walirudisha sehemu kubwa ya uzito, lakini baada ya miaka 10 visa vipya vilikuwa bado pungufu kwa asilimia 34, na baada ya miaka 15 kwa asilimia 27.

Kwa mtu wa kilo 94, asilimia 7 ni kilo sita na nusu. Si uzito wa kumfanya jirani ashangae harusini, na huenda ndiyo sababu hautangazwi. Swali la kuuliza kabla ya kuanza badiliko lolote ni hili: nitaweza kuendelea nalo Ramadhani ijayo, msimu ujao wa harusi, na mwezi ambao fedha ni haba? Mlo wa mayai ya kuchemsha na matango hauwezi kuvuka vipimo hivyo. Kuacha soda huweza. Chupa moja ina sukari ya takribani gramu 35, nayo haishibishi mtu.

Katika nyumba nyingi zetu anayetaka kupungua hapikiwi chungu chake. Kama familia hula pamoja kutoka sinia moja, ushauri wa "punguza chakula chako" hautekelezeki, kwa sababu hakuna anayejua chake kinaishia wapi. Mabadiliko yaanzie jikoni. Mafuta ya kupikia yapimwe kwa kijiko badala ya kumiminwa kutoka kwenye dumu. Kijiko kikubwa kimoja kina kilokalori zipatazo 120. Mchicha, matembele au kabichi vipikwe vingi kiasi cha kujaza nusu ya sahani, na maharage au dagaa visikosekane, kwa kuwa protini hushibisha. Ugali una nafasi yake: ubaki, lakini upakuliwe mara moja, na sufuria iondolewe mezani.

Badiliko moja lizoewe kabla ya jingine kuongezwa. Watafiti wa London waliowafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga tabia mpya za kila siku walikuta kwamba muda wa kati wa tabia kuanza kufanyika bila kufikiri ulikuwa siku 66, ingawa kwa watu tofauti muda huo ulikuwa kati ya siku 18 na 254. Kuruka siku moja hakukuharibu mwenendo. Hapo ndipo milo mikali huwaangusha watu: kipande kimoja cha keki huhesabiwa kuwa kushindwa, na aliyeshindwa hula chote kilichobaki.

Kuhusu mazoezi, dakika 15 za kutembea kwa haraka asubuhi na 15 jioni, siku tano kwa wiki, hutimiza zile 150. Kwa wengi hiyo ni kushuka kwenye daladala kabla ya kituo chao. Mazoezi ya nguvu mara mbili kwa wiki hulinda misuli.

Kazi ya kliniki baada ya pongezi

Mtoa huduma aanze kwa kuuliza yaliyopita: "Mama, mara ya mwisho ulipopungua ulikuwa unakula nini, na ni nini kilikurudisha?" Jibu lina thamani kuliko karatasi ya ushauri. Miadi isipunguzwe uzito unaposhuka, kwani miezi inayofuata ndiyo migumu. Uzito uliobaki palepale kwa mwaka mzima uandikwe kwenye kadi kuwa ni mafanikio. Nyumbani mgonjwa ajipime mara moja kwa wiki, kwa mizani ileile, na akiona ameongezeka kilo mbili arudi kliniki au arejee hatua zake za mwanzo, asisubiri ziwe kumi. Anayekula kupita kiasi kwa siri, au anayejitapisha, apelekwe kwa mtaalamu wa afya ya akili.

Lipo pia la mtaani. Anayepungua huulizwa kama anaumwa, na wapo wanaorudia kula ili kunyamazisha maneno. Mwenye kupungua kwa mpango aandaliwe kwa swali hilo mapema, na ikiwezekana ndugu mmoja wa nyumbani ahudhurie naye kliniki. Aliyepungua bila kukusudia ni suala jingine kabisa: huyo asipongezwe kabla hajapimwa kifua kikuu, VVU na sukari.