Kiangazi Kirefu Katavi: Vidokezo Vinane vya Kuanza Navyo Mwezi wa Tano

Katavi tumezoea kiangazi. Mvua za Msimu hunyesha Novemba hadi Aprili, kisha tunapata miezi sita ya jua, vumbi na upepo. Hilo halimtishi mtu wa Mpanda. Tatizo ni Novemba inapopita bila mvua ya kupandia, au mvua inapokatika Januari mahindi yakitoa mbelewele, na mwaka unaofuata hali ikajirudia.

Ukame wa kwingine nao hutufikia. Tangu miaka ya 1970 wafugaji wa Kisukuma wamekuwa wakishuka na ng'ombe wao kutafuta malisho na mashamba katika bonde la Rukwa na Mpimbwe, na kila eneo la kaskazini linapokauka, ardhi ya huku huzidi kutafutwa. Miaka ya 2021 na 2022 mifugo ilikufa kwa wingi Simanjiro na Longido, na Oktoba 2022 hata Dar es Salaam ikapata maji kwa mgao kwa sababu mto Ruvu ulipungua. Sisi tulio huku magharibi hatujatengwa na hayo.

Wengi huanza kuhangaika Septemba. Wakati huo ghala limeshapungua, ng'ombe wamekonda na kisima kimeshuka. Hakuna tena kikubwa cha kuamua. Maamuzi yanayookoa kaya hufanywa Aprili na Mei, chakula kikiwa bado shambani na mto Katuma ukiwa bado unatiririka. Kwa hiyo vingi kati ya vidokezo hivi ni vya wakati wa neema.

1. Hesabu chakula kabla ya kuhesabu fedha

Chukua kalamu. Kaya inayopika kilo mbili za unga kwa siku inahitaji kilo 730 kwa mwaka, yaani magunia saba ya kilo mia na kidogo juu yake. Ongeza mbegu, ongeza wageni, ongeza miezi miwili ya tahadhari endapo mvua zitachelewa. Hicho kiasi kiweke pembeni, mkubaliane baba na mama wa nyumba kwamba hakiuzwi, kisha kinachobaki ndicho cha kumwonyesha mnunuzi.

Anayekuja na mizani Mei, au anayelipia mahindi yangali shambani, anajua bei itapanda. Mwaka 2024 El Niño ilipounguza mashamba ya Zambia, nchi hiyo ikatangaza janga la taifa mwishoni mwa Februari, na baadaye Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, ukakubaliana kuiuzia tani 650,000 za mahindi. Jirani akiwa na njaa, mahindi ya ukanda huu hutafutwa. Ukiuza gunia Mei kwa haraka na kulinunua tena Januari, umelipia usafiri, faida ya mlanguzi na njaa ya watoto wako kwa pamoja.

NFRA ina vihenge vya kisasa Mpanda. Hiyo ni akiba ya taifa. Ya kwako iko chini ya paa lako.

2. Linda ulichovuna

Dumuzi, yule mdudu mdogo anayegeuza mahindi kuwa unga ndani ya gunia, alianzia kwa majirani zetu wa Tabora alipoingia nchini, karibu na mwaka 1980. Hajaondoka tangu hapo. Mwaka wa ukame ndio mwaka wa kutompa hata kilo moja.

Kausha kwanza. Kipimo cha bei nafuu ni chumvi: chukua chupa kavu, tia punje chache na chumvi kavu, tikisa dakika chache, acha itulie. Chumvi ikigandia kwenye chupa, mahindi yana unyevu, yarudishe juani juu ya turubai na wala si juu ya udongo. Kisha tumia mifuko ile ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, iliyoenea kwa jina la PICS. Mdudu aliyefungiwa humo hukosa hewa na kufa, hakuna haja ya dawa. Funga kila tabaka peke yake, na usifungue mfuko kila siku kuchota debe. Fungua mmoja, umalize, ndipo ufungue mwingine.

Mama zetu wa Kisukuma na Kinyamwezi wana hekima nyingine hapa: michembe na matobolwa. Viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa vibichi, au vilivyochemshwa kwanza ndipo vikaanikwa, hukaa miezi mingi. Majani ya kunde na kisamvu hukaushwa vilevile. Ongeza dagaa wa Karema au Ikola waliokauka vizuri na una mboga ya Oktoba, wakati bustani zimekufa na fungu la mchicha sokoni limepungua nusu. Vijana wanaona michembe ni chakula cha kizamani. Wafundisheni kuitengeneza.

3. Paa lako ni chanzo cha maji

Hesabu yake ni rahisi: milimita moja ya mvua ikidondoka kwenye mita moja ya mraba inatoa lita moja. Nyumba yenye bati la mita za mraba 40, katika mwaka mbaya wenye milimita 600 tu, inapokea lita 24,000. Toa sehemu ya tano inayopotea, zinabaki zaidi ya lita 19,000. Watu watano wakitumia lita 20 kila mmoja kwa siku, kuanzia Mei hadi Oktoba wanahitaji lita 18,400. Soma tena tarakimu hizo. Hata mwaka wa ukame bati la kawaida linaweza kuibeba familia, ila maji yanamwagika kwenye kona ya nyumba kwa sababu hakuna gata wala pa kuyaweka.

Si kila mtu anaweza kununua tangi la kutosha lita zote hizo. Anza na la lita 5,000. Lijae, koki ifungwe mwisho wa Aprili, na maji yake yawe ya kunywa na kupikia tu. Kwa lita 25 kwa siku kwa nyumba nzima litakufikisha katikati ya Novemba. Kufua na kuoga kutegemee bomba au kisima. Kikundi cha VICOBA kinaweza kununua tangi moja kila mzunguko, nyumba baada ya nyumba, jinsi kinavyokopesha ada za shule.

Mvua za kwanza ziache zioshe vumbi na kinyesi cha ndege kabla ya kuelekeza bomba kwenye tangi. Funika tangi, funga wavu kwenye mdomo wake, la sivyo unafuga mbu.

Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilitaja lita 25 kwa mtu wa kijijini kwa siku, ndani ya mita 400 kutoka anapoishi. Kijiji chako kikiwa mbali na hapo, una haki ya kuuliza.

4. Maji yakipungua, ugonjwa huongezeka

Kisima kinaposhuka, watu huenda kwenye dimbwi lolote, na ng'ombe wako humo humo. Chemsha, au tumia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Nawa kwa sabuni hata kama ni kwa kikombe kimoja. Usianze kubana maji mikononi.

Mtoto akiharisha, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyo sawa na mdomo wa kijiko, na nusu kijiko cha chumvi. Mnyweshe kidogo kidogo mkiwa njiani kuelekea kituo cha afya. Si badala ya kituo cha afya.

5. Usiweke mwaka mzima kwenye mahindi

Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, unaotolewa kabla ya Msimu kuanza, lakini usikilize ule wa mvua za Novemba hadi Aprili, kwa sababu wa vuli na masika ni wa mikoa mingine. Kuna jambo linalotuchanganya: kwa kawaida La Niña hukausha kaskazini mwa nchi na El Niño hukausha nchi za kusini yetu. Katavi iko katikati, na haiwezi kujihakikishia upande wowote.

Kwa hiyo gawa shamba. Mahindi ya muda mfupi, kama Situka, sehemu moja. Mtama sehemu nyingine. Macia hukomaa kwa miezi mitatu na ushee, na hustahimili jua ambalo mahindi hayaliwezi. Kunde na karanga katikati. Na muhogo, ambao unakusubiri ardhini hadi utakapouhitaji.

Muhogo una onyo moja kubwa. Mwaka wa ukame sumu yake huongezeka, hasa ule mchungu, na ndio mwaka ambao wenye njaa hufupisha kuuloweka. Tarime mwaka 1985, wakati wa ukame, watu walipooza miguu ghafla kwa ugonjwa uitwao konzo baada ya kula muhogo mchungu ambao haukuandaliwa ipasavyo. Waliopata kilema hicho hawakupona kabisa. Loweka siku tatu kamili, anika mpaka ukauke kabisa, ndipo utwange. Na kula na maharage, karanga au dagaa, maana mwili usio na protini hushindwa kuiondoa sumu hiyo. Hata njaa iwe kali vipi, siku hizo tatu hazipunguzwi.

6. Mfugaji: uza mapema, tenga majani

Ng'ombe mkubwa hunywa lita 30 na zaidi siku ya joto. Kundi la 40 linamaliza madumu 60 kwa siku. Kama hujui madumu hayo yatatoka wapi Oktoba, peleka baadhi mnadani Juni, wakiwa na nyama. Anza na madume na majike wasiozaa tena. Najua kwa mfugaji idadi ni heshima, na mahari hailipwi kwa akaunti ya benki. Lakini ng'ombe aliyekufa porini hatoi mahari wala ada.

Tenga ngitili. Wasukuma waliibeba desturi hii kutoka kwao: kipande cha malisho kinafungwa wakati wa mvua, hakiguswi hadi kiangazi kiive. Mradi wa HASHI uliofanyika Shinyanga kuanzia 1986 hadi 2004 uliirudisha, na maelfu ya hekta zilizokuwa vipara zikaota miti tena. Huku Katavi bado tuna miti, kwa hiyo hatuna sababu ya kungoja ardhi iwe kipara kwanza. Mabua ya mahindi usiyachome. Yahifadhi kivulini, na mashudu ya pamba na alizeti nunua wakati viwanda vinakamua.

7. Moto na nyuki

Kuanzia Julai pori la miombo hushika moto kwa kiberiti kimoja. Safisha barabara ya moto kuzunguka nyumba, shamba na ngitili. Mizinga ikiungua, umepoteza kipato ambacho hakitegemei shamba. Waulizeni wafugaji nyuki wa Inyonga jinsi asali inavyolipa ada mwaka ambao mahindi yamekataa. Wawekee nyuki chombo cha maji chenye vijiti vya kutua.

8. Katuma ni ya wote

Hiki ndicho kidokezo ninachokijali kuliko vyote. Katuma hupita kwenye mashamba ya mpunga, huingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi, hulisha maziwa ya Katavi na Chada, kisha maji yake huendelea kwa mto Kavuu hadi Ziwa Rukwa, ambalo halina mto unaotoka. Kila lita inayochukuliwa juu ni lita isiyofika chini.

Kiangazi viboko wa hifadhini hubanana kwenye madimbwi ya matope, mamia mahali pamoja, na mamba hujificha kwenye mapango ya kingo. Watalii hupiga picha. Mwenyeji wa kijiji cha Sitalike anaona jambo jingine: mnyama mwenye njaa na kiu atakayeingia bustanini usiku. Usichote maji mtoni jioni wala alfajiri, usimtume mtoto peke yake, na usisimame kati ya kiboko na maji. Ukiona nyayo karibu na makazi, waarifu askari wa wanyamapori mapema.

Lakini si kiboko aliyekausha mto. Mto uliokuwa ukitiririka hata kiangazi siku hizi hukatika, na mabanio yasiyo na kibali upande wa juu ni sehemu ya sababu. Simlaumu mkulima wa mpunga wa Mwamkulu; jaruba lake ni shule ya watoto wake. Ila sheria zipo, na zinamlinda yeye pia dhidi ya aliye juu yake. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Sheria ya Rasilimali za Maji ya 2009 inataka kibali kwa anayechepusha maji, na kwa Katuma mwenye kutoa kibali hicho ni Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Rukwa. Bwawa la Milala, jirani kabisa na mji wa Mpanda, nalo linahitaji ulinzi huo huo, maana kila jembe linalosogea ukingoni linasukuma udongo ndani ya bwawa.

Faida ya kulinda vyanzo inaweza kuonekana mfukoni. Vijiji vinane vya Wilaya ya Tanganyika vinavyotunza misitu ya Ntakata vinalipwa kupitia biashara ya hewa ukaa, na fedha zimejenga madarasa na zahanati.

Kwa hiyo mkutano wa kijiji au mtaa ujao, usibaki nyumbani. Nenda, na uliza mbele ya watu: mabanio mangapi yako juu yetu, yapi yana kibali, jumuiya ya watumia maji ilikutana lini, na nani atafunga mfereji Agosti ili maji yafike Sitalike. Uliza Mei, kabla mto haujakatika.