Mtoto asiyesema darasani: Tuanze na masikio yake

KATIKA darasa la chekechea hakukosi mtoto mmoja au wawili ambao sauti zao hazisikiki. Wenzao wanaimba, wanajibu, wanagombania kalamu, lakini wao wametulia tu. Wakiulizwa jambo, wanatazama chini au wanarudia neno la mwisho la mwalimu. Wengi wetu husema, "Huyu ni mpole." Wengine husema, "Ni mzito wa kichwa." Na wako wanaofariji: "Ngoja tu, hata babake alichelewa kusema."

Somo la leo ni kuhusu mtoto huyo. Tutachukua mfano wa Kithimani, mji mdogo wa Yatta katika Kaunti ya Machakos, kwenye barabara ya kutoka Thika kwenda Garissa, kabla hujafika Matuu. Tumeuchagua mji huu kwa sababu maisha yake yanafanana na ya wasomaji wetu wengi. Mama au baba anafanya kazi Nairobi au Thika, na mtoto analelewa na nyanya nyumbani. Kwa nyanya anasikia Kikamba, sokoni Kiswahili, na chekechea Kiingereza. Mtoto huyo akichelewa kusema, kila mtu ana mtu wa kumlaumu, na huku miaka inapita.

Hatua za kutazamia

Watoto hawalingani, lakini ziko hatua ambazo mzazi anafaa kuzijua. Akitimiza mwaka 1, mtoto huitika jina lake na husema neno moja au mawili kama "mama". Akifika miaka 2 huunganisha maneno mawili: "Taka maji," "Baba enda." Akifika miaka 3 husema sentensi fupi na watu wa nyumbani wanamwelewa. Akiwa na miaka 4, umri wa kuingia PP1, hata mgeni humwelewa kwa sehemu kubwa, na anaweza kueleza kisa kidogo kilichotokea.

Mtoto wa miaka 2 asiyeunganisha maneno, au wa miaka 3 ambaye hata mamake hamwelewi, asingojewe. Na yule aliyekuwa akisema kisha akaacha, apelekwe hospitali mara moja, hata akiwa na umri gani.

Masikio kwanza

Kabla ya kusema mtoto ni mzito au ni mkaidi, hakikisha anasikia. Mtoto hujifunza kusema kwa kusikia. Sauti isiyofika sikioni haitatoka mdomoni.

Sababu za mtoto kutosikia vizuri ni nyingi. Wengine huzaliwa hivyo. Wengine huathirika kwa umanjano mkali baada ya kuzaliwa, au kwa homa ya uti wa mgongo. Sababu iliyo ya kawaida sana ni ugonjwa wa sikio unaoanza na mafua na kuishia kwa usaha. Mtoto wa aina hii anaweza kusikia vizuri wiki hii na wiki ijayo asisikie. Ndiyo maana watu humwita mkaidi: jana aliitika, leo haitiki.

Nyumbani unaweza kufanya jaribio rahisi. Mtoto akiwa anacheza, simama nyuma yake hatua tatu hivi asikuone, kisha mwite kwa sauti ya chini. Rudia siku nyingine. Asipogeuka mara kadhaa, mpeleke akapimwe. Hata akigeuka na bado una shaka, mpeleke vilevile, kwa maana jaribio la nyumbani halitoshi.

Sikio linalotoa usaha lisitiwe mafuta moto, maji ya majani wala njiti ya kiberiti. Mpeleke mtoto zahanati. Atapewa dawa, na wewe utaonyeshwa namna ya kulikausha. Pia usikubali mtu akate chini ya ulimi wa mtoto kwa wembe eti ulimi umefungwa. Daktari ndiye anayejua kama kuna haja.

Yako pia magonjwa yanayoacha alama katika ubongo. Mfano uko hapa nchini: watafiti wa KEMRI huko Kilifi waligundua kwamba baadhi ya watoto waliopona malaria kali walibaki na shida ya lugha. Hivyo mtoto aliyewahi kulazwa kwa malaria ya kupoteza fahamu afuatiliwe usemi wake hata baada ya kupona.

Lugha tatu si ugonjwa

Wazazi wengi wa mjini hudhani Kikamba cha nyanya ndicho kilichomchelewesha mtoto, wakakataza kisitumiwe. Hilo ni kosa. Kusikia lugha mbili au tatu hakumfanyi mtoto kuwa na ulemavu wa lugha. Mtoto mwenye shida ya kweli, shida hiyo huonekana katika lugha zote anazozisikia.

Kwa hiyo unapohesabu maneno yake, hesabu ya lugha zote pamoja. Mtoto anayesema "kiw'u" kwa maji, "nguku" kwa kuku na "bye" kwa kuaga, ana maneno matatu. Mwalimu anayesikiliza Kiingereza peke yake atasema ana moja.

Zaidi ya hayo, nyanya akikatazwa Kikamba atanyamaza, na mtoto atakuwa amepoteza mtu aliyekuwa akizungumza naye mchana kutwa. Serikali yenyewe tangu ripoti ya Gachathi ya mwaka wa 1976 imeelekeza kwamba madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya mazingira ya shule. Mtoto aliyeshika vizuri lugha moja ana mahali pa kuanzia kujifunza nyingine.

Kila mtoto na haja yake

Kiziwi anahitaji lugha ya kuonwa. Mwanzishie Lugha ya Ishara ya Kenya mapema, na nyumba nzima ijifunze. Haitamzuia kusema akiweza kusema. Mtoto mwenye usonji huenda asikutazame machoni. Fuata kile anachokipenda na ukizungumzie hicho. Mwenye hali ya Down hujifunza polepole zaidi, na picha na ishara za mikono humsaidia sana. Mwenye mtindio wa ubongo pengine anaelewa kila kitu ila misuli ya mdomo haimtii. Mpe picha aonyeshe kwa kidole au kwa macho. Mwenye kigugumizi mwache amalize mwenyewe, usimwambie aharakishe.

Kazi ya nyumbani na ya darasani

Mambo haya hayahitaji pesa:

1. Zungumza ukifanya kazi. Nyanya akipukuchua mahindi aseme: "Hili ni hindi. Napukuchua hindi. Weka kwenye karai." Maji yakipita katika mfereji, yazungumzieni.

2. Inama hadi macho yenu yalingane, ili mtoto aone midomo yako.

3. Ukiuliza swali, ngoja. Hesabu polepole hadi kumi kabla ya kumjibia. Watoto wengi hawasemi kwa sababu watu wazima hawawapi nafasi.

4. Akisema neno moja, liongezee. Akisema "mbuzi," wewe sema: "Ndiyo, mbuzi anakula majani." Usimcheke wala kumlazimisha arudie.

5. Mpe nafasi ya kuchagua: "Unataka ndizi au embe?" Usimpe kabla hajajaribu kuonyesha au kutamka.

6. Mwalimu naye amketishe mtoto mbele, mbali na mlango wenye kelele za barabara. Atoe agizo moja kwa wakati mmoja, na alionyeshe kwa kitu: vifuniko vya soda, maharagwe, picha. Wimbo wa vitendo humpa nafasi hata asiyesema, kwa kuwa atajibu kwa mikono.

Simu na televisheni hazihesabiki hapa. Haziwezi kungoja jibu la mtoto.

Mahali pa kupata msaada

Anzia zahanati iliyo karibu, kisha uombe barua ya kwenda hospitali yenye kitengo cha masikio. Kwa upande wa elimu, viko vituo vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalum, vinavyojulikana kwa herufi EARC, vilivyoanzishwa nchini mwaka wa 1984. Uliza katika ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Taasisi ya Elimu Maalum, KISE, iliyoanzishwa mwaka wa 1986, iko Kasarani, Nairobi, na huko pia watoto hupimwa.

Wala usione unaomba fadhila. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata elimu pamoja na wengine, na haki ya kutumia lugha ya ishara. Elimu ya chekechea nayo iko mikononi mwa kaunti. Mwalimu mkuu akikwambia umrudishe mtoto nyumbani "hadi atakapojua kusema," mwulize atajulia wapi.

Mzazi uliye mjini, wikendi hii ukienda nyumbani, usiulize tu kama mtoto amekula na kama ada imelipwa. Simama nyuma yake, umwite polepole. Asipogeuka, safari ya hospitali ianze Jumatatu, si muhula ujao. Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji.