Antena Yako Imekaaje?
Mwongozo kwa watumiaji wa redio, Kasongo na Kabambare

Kwa nini tujue
Mvua inapoharibu barabara kati ya Kasongo na Kabambare, mara nyingi ni redio inayoomba msaada kwa ajili ya mama mjamzito. Mwito huo unaweza kupotea kwa sababu antena imekaa vibaya, ingawa betri imejaa na redio ni nzima.

Wimbi lina mkao
Antena iliyosimama wima hutoa wimbi linalotikisika juu na chini. Iliyolala hutoa linalotikisika kushoto na kulia. Mkao huo mafundi huuita polaraizesheni. Antena ya kupokea hunasa vizuri wimbi lenye mkao sawa na wake.

Hasara ni kiasi gani?
Pembe kati ya antena mbili, na nguvu inayopokewa:
- 0°: yote
- 30°: robo tatu
- 45°: nusu
- 60°: robo
- 90°: kwa hesabu, hakuna

Kwa kweli, milima, kuta na mabati hugeuza mkao wa wimbi kidogo, kwa hiyo hata kwenye 90° kitu hubaki. Hata hivyo nguvu inaweza kushuka hadi sehemu moja ya mia: motorola (redio ya mkononi) ya wati 5 ikasikika kama ya wati 0,05. Kuongeza sauti hakusaidii, maana mkwaruzo nao hupanda.

Fanya hivi
1. Shika motorola wima unapozungumza. Unaposubiri mwito, usiilaze mezani.
2. Antena ya kituo na ya gari zisimame wima zote. Upepo mkali ukipita, kagua mlingoti.
3. Redio ya FM: vuta antena yote, kisha iinamishe polepole mpaka sauti isafike. Kama kituo kinarusha wimbi ambalo mkao wake huzunguka, tofauti itakuwa ndogo.
4. Usipande kwenye mlingoti wakati wa radi, wala usisimike antena karibu na waya za umeme.

Vipi kuhusu foni?
Mawimbi ya foni, yaani redio ya kuzungumza na watu wa mbali, hurudishwa na tabaka la juu angani, na njiani mkao wake hubadilika. Hapo ulalo wa waya wa antena si tatizo kubwa. Angalia zaidi urefu wake na kimo chake kutoka ardhini.

Kabla hujanunua betri au redio nyingine, rekebisha kwanza mkao wa antena. Kazi hiyo haigharimu hata franka moja.