Somo la Ufundi: Programu Gani ya Kuchora Shema za Umeme?



Katika somo hili tunataka kujibu ulizo moja ambalo wanafunzi wa madarasa ya juu wanatuuliza mara kwa mara: mtu akipata kompyuta (ordinatere), achague programu gani ya kuchora michoro ya ufundi na shema za umeme? Wengi wanajibu haraka, «AutoCAD!», kwa kuwa njo jina wanalolisikia. Lakini jina kubwa si jibu. Tuangalie polepole.

1. Juu ya nini tuchore?

Shema ni barua. Fundi mmoja anaiandika, fundi mwingine anaisoma, pengine akiwa mbali, pengine miaka 5 kisha. Kwetu Salamabila watu wengi wanafunga pano ya jua, batri na ampuli bila karatasi yoyote. Siku ile fundi aliyefunga anasafiri, hakuna anayejua waya gani inakwenda wapi. Anayekuja nyuma anabahatisha. Na batri ya risasi ya volti 12, hata kama haitupigi mkono, nguzo zake mbili zikigusana inaweza kutoa mamia ya ampere kwa mara moja. Waya inakuwa nyekundu, plastiki inashika moto, na nyumba pia. Basi mchoro si pambo la kaye. Ni ulinzi.

Mahali pakubwa kama mgodi wa zahabu wa Namoya, ambao kampuni Banro iliutangaza kuwa umeanza uzalishaji wa biashara mwaka 2016, kazi ya pampu na mota haiwezi kwenda bila shema. Kijana anayetaka kazi ya namna ile, lazima ajue kuzisoma na kuzichora.

2. Historia kwa kifupi

Mwaka 1963, kule Marekani, Ivan Sutherland alionyesha programu iliyoitwa Sketchpad: mtu alichora juu ya kioo cha mashini kwa kalamu ya mwanga. Mwisho wa 1982 AutoCAD ikatoka, nayo ikaenea sababu ilifanya kazi juu ya kompyuta ndogo. Mwaka 1992 mwalimu wa Ufaransa, Jean-Pierre Charras, wa chuo cha ufundi cha Grenoble, akaanzisha KiCad, nayo ni ya bure. Tangu 2013 wahandisi wa CERN, kile kituo cha fizika karibu na Geneva, wamesaidia kuiendelesha. Kwa hiyo tusidharau kitu kwa kuwa ni cha bure.

3. Programu zenyewe

a) AutoCAD. Ni nzuri na ina nguvu. Lakini tangu 2016 kampuni yake imeacha kuuza leseni ya kudumu. Unalipa kila mwezi ao kila mwaka. Mwanafunzi anaweza kuipata bure, lakini anahitaji intaneti na hati za shule, kisha kuomba tena kila mwaka. Tena inaomba memori ya gigabaiti 8 kwa uchache. Zile kopi zilizovunjwa, zinazotembea kwa flashi, tunawaambia wazi: ni mali ya mwingine iliyochukuliwa bila ruhusa, na mara nyingi zinaleta virusi vinavyokula kazi zote za mashini.

b) LibreCAD. Ni ya bure na nyepesi, mashini ya zamani inaiweza. Inafaa kwa mchoro wa vipimo: meza, mlango, plani ya nyumba, kipande cha chuma. Inaandika fishie za DXF ambazo AutoCAD pia inasoma. Lakini haijui umeme. Kwake waya ni mstari tu.

c) QElectroTech. Ya bure, tena ina Kifaransa, lugha ya masomo yetu. Imetengenezwa kwa shema za umeme: fusibule, rele, mota, swichi, vyote viko tayari ndani, unavivuta tu. Inafaa sana kwa umeme wa nyumba na wa mashini.

d) KiCad. Ya bure, nayo ina Kifaransa. Ni ya elektroniki: unachora shema, kisha inakusaidia kupanga ile sahani ya shaba ambamo vipande vinachomewa. Inaweza kukagua shema na kukuonyesha mguu uliosahau kuunganisha. Ubaya wake ni uzito: kuipakua kunapita gigabaiti 1. Afazali mtu anayekwenda mjini penye intaneti nzuri aichukue kwa anwani ya wenyewe walioitengeneza, ailete kwa flashi, na wote wagawane. Kugawana huku kunaruhusiwa na leseni yake.

e) LibreOffice Draw. Inakuja pamoja na LibreOffice. Kwa picha ndogo ya somo inatosha, lakini alama za umeme utazichora mwenyewe.

4. Tuchague namna gani?

Msianze kwa jina, anzeni kwa maulizo haya matano:

Kwanza: inafanya kazi bila intaneti? Kama hapana, kwetu haifai.

Pili: mashini yetu inaiweza, na batri ya mashini itadumu? Programu nzito inakula umeme, na umeme wetu ni wa jua ao wa grupu.

Tatu: waya inafuata? Weka ampuli, unganisha waya, kisha sogeza ampuli. Programu inayojua umeme inaacha waya ikiwa imeshikana (kwa KiCad tumia kitufe G). Ile isiyojua inaacha waya ikining'inia, na shema inakuwa ya uongo bila wewe kuona.

Ine: alama zake ni zetu? Rezistansi katika vitabu vyetu ni kisanduku kirefu. Wamarekani wanachora mstari wa meno ya msumeno. KiCad ina zote mbili: «R» ni kisanduku, «R_US» ni msumeno. Usichanganye katika karatasi moja.

Tano: mwingine ataweza kufungua? Toa kila mara kopi ya PDF. Na msitegemee rangi! Fotokopi inaua rangi: waya nyekundu na nyeusi zinakuwa sawasawa. Andika + na −, na kila waya namba yake.

Kwa maoni yetu, shule kama ya kwetu ianze na QElectroTech kwa umeme, LibreCAD kwa michoro ya vipimo, na KiCad kwa wale wanaoendelea na elektroniki. AutoCAD mtajifunza siku mtakapoikuta kazini, na aliyezoea LibreCAD hatapotea.

5. Zoezi

Darasa lina ampuli 4 za wati 6 kila moja, batri ya volti 12, pano ya wati 50 na regulatere ya ampere 10. Ampuli zote pamoja ni wati 24. Tugawe kwa 12: ampere 2. Zikiwaka saa 5, zinakula ampere-saa 10. Tuweke fusibule ya ampere 10 karibu kabisa na nguzo + ya batri, na nyingine ya ampere 3 mwanzo wa waya wa ampuli. Waya lazima iweze kubeba zaidi ya fusibule yake, sipo waya itaungua mbele ya fusibule kukatika. Andikeni pia juu ya shema: batri inaunganishwa na regulatere kwanza, pano nyuma.

Chora kwa kalamu na late kwanza. Kisha tu, kama mashini iko, chora kwa programu. Asiyeweza kwa kalamu, mashini haitamfundisha. Na yule asiye na mashini asikate tamaa: kazi kubwa ya shema iko kichwani.

Maulizo
1. Juu ya nini fusibule inakaa karibu na batri, si karibu na ampuli?
2. Waya mbili zinapitana bila kugusana: utaonyeshaje? Na kama zimeungana? (Kumbuka kile kidoti cheusi.)
3. Tukiongeza ampuli 2 za wati 6, ampere zitakuwa ngapi? Fusibule ya ampere 3 itatosha? Fikiri mbele ya kujibu!

Mpe mwenzako shema yako bila kumweleza neno. Akiweza kufunga kwa kuisoma tu, umechora vizuri.