Mkanda nimefunga, kiuno bado kinauma

Barua ya wiki hii imetoka Tegeta, Dar es Salaam. Aliyeiandika ni dereva wa daladala mwenye miaka 43.

"Shangazi, shikamoo. Nashika usukani saa kumi na moja alfajiri, naliacha gari saa tatu usiku. Kiuno kinaniuma mwaka wa pili huu. Suruali nilikuwa navaa namba 34, sasa 40. Mchana nakula chipsi mayai na soda humo humo garini, usiku ugali. Nimenunua mkanda wa mgongo, nakunywa maji ya moto na ndimu, maumivu yakizidi nameza diklofenaki. Nifanyeje?"

Marahaba. Shangazi anataka dereva huyu ajue kwanza kwamba malalamiko yake mawili, kiuno na kitambi, yametoka kwenye kiti kimoja. Saa kumi na sita gari linamtikisa uti wa mgongo, huku misuli ya tumbo na makalio, ambayo ndiyo ingeubeba, imelala. Chakula nacho hakipati kazi ya kufanya. Tumbo likisogea mbele, kiuno kinajipinda kulifuata.

Mkanda auvue. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kutibu maumivu sugu ya kiuno, na mikanda ya aina hiyo imo kati ya vitu lisivyovipendekeza, huku mazoezi yakipendekezwa. Ndimu haina ubaya, ila haiyeyushi mafuta. Diklofenaki ndiyo inayomtia Shangazi hofu: daktari anaweza kumwandikia kwa siku chache, lakini kujimezea mwenyewe miezi na miezi kunaweza kumletea vidonda vya tumbo, kuharibu figo na kupandisha presha.

Atembee. Huko Australia watafiti waliwafuatilia watu 701 waliokuwa wametoka kupona maumivu ya kiuno, na matokeo yakachapishwa 2024. Waliopangiwa kutembea, wakiongeza kidogo kidogo hadi dakika 30 mara tano kwa wiki, nusu yao walipita siku 208 kabla maumivu hayajarudi. Kwa wasiopangiwa, ilikuwa siku 112.

Dereva atasema muda hana, na hesabu ya bosi inamsubiri. Muda upo stendi ya Makumbusho, gari linapongoja zamu ya kupakia. Konda abaki mlangoni, yeye ashuke aizunguke stendi dakika kumi. Zamu tatu kama hizo ni nusu saa. Pochi aitoe mfuko wa nyuma, kiti akisogeze mpaka mgongo uegemee wote, na kanga iliyokunjwa aiweke nyuma ya kiuno. Usiku alale chali mkekani, akunje magoti, anyanyue nyonga, ahesabu hadi tano, ashushe. Mara kumi zinatosha kuanzia. Yale mazoezi ya tumbo, ya kulala na kuinuka kuketi, ayaache kwanza: yanaimarisha misuli, lakini hayachagui kuchoma mafuta ya tumbo.

Kitambi kitashuka zaidi kwa sahani. Soda moja ya mililita 350 ina sukari karibu gramu 37, yaani vijiko tisa hivi vya chai, kabla hajahesabu chai ya asubuhi. Anywe maji. Kwa mama lishe pale stendi aagize maharage, mchicha mwingi na wali kidogo, na chipsi zibaki za siku moja moja. Ugali wa usiku uwe wa ukubwa wa ngumi yake, mboga ndizo zijae.

Namba ya suruali isimdanganye, maana mkanda wa suruali hukaa chini ya tumbo. Achukue utepe wa fundi cherehani, apime katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga. Kwa mwanaume, ukipita sentimita 94 hatari ya kisukari na magonjwa ya moyo huanza kupanda. Ukipita 102 hupanda sana.

Asikae nyumbani hata siku moja, aende hospitali upesi, akiona mguu unakosa nguvu, ganzi kati ya mapaja, au mkojo na choo vikimshinda kuvizuia. Homa za jioni, jasho la usiku na kukonda bila sababu navyo vinataka vipimo, kwa kuwa kifua kikuu hushambulia hata uti wa mgongo. Kama hayo hayapo, bado amwone daktari mara moja apimwe presha na sukari, kisha aombe kuelekezwa kwa mtaalamu wa fiziotherapia.

Shangazi anaomba barua ya pili baada ya miezi mitatu, na ndani yake kipimo cha utepe cha leo na cha siku hiyo.