Pale, Huko na Humo: Upatanisho wa Kisarufi katika Ngeli ya Mahali

Ngeli ya mahali ina tabia ya pekee. Nomino yake halisi ni moja tu, nayo ni mahali au pahali, neno lenye asili ya Kiarabu. Hata hivyo nomino hiyo moja hutawala viambishi vitatu vya upatanisho: PA-, KU- na MU-. Vitabu vingi vya shule huviweka viambishi hivyo katika jedwali dogo, na mwanafunzi hulikariri, hulijibia mtihani, kisha hulisahau. Sisi tunaona kuwa jedwali peke yake halitoshi. Tofauti zilizomo katika ngeli hii ni tofauti za maana, na maana hizo hujitokeza vizuri zaidi watu wanapokuwa ugenini, wanapolazimika kuulizana na kuelekezana.

Kwa sababu hiyo tumetunga kifungu kifupi kuhusu wanandoa wawili wa Kigali katika siku ya kwanza ya likizo yao mjini Zanzibar. Mji huo tumeuchagua kwa makusudi. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na katika mitaa ya Mji Mkongwe ngeli ya mahali imeandikwa hata katika majina ya mitaa yenyewe. Mwanachuo akisome kifungu mara mbili: mara ya kwanza kwa ajili ya kisa, mara ya pili akipigia mstari kila neno linaloonyesha mahali.

Kifungu

Boti iliyotoka Dar es Salaam ilifunga gati katika bandari ya Malindi saa nne asubuhi. Bandarini palikuwa na msongamano wa wachukuzi na wapokeaji wageni. Baba Ineza alikuwa ameisogeza saa yake mbele kwa saa moja, kwa kuwa saa za Tanzania zimezitangulia za Rwanda, na kwa hilo alijiona msafiri hodari. Mama Ineza alikuwa akimwaza binti yao, aliyeachwa kwa bibi yake Nyamirambo. Walifikia nyumba ya wageni katika mtaa wa Kiponda, wakaweka mizigo, wakatoka kuutazama mji. Simu zao walikuwa wamezizima kwa kuhofia gharama za kupiga wakiwa nje ya nchi.

Mchana walikunywa maji ya ukwaju wakiwa wamesimama mlangoni pa Ngome Kongwe, karibu na Bustani ya Forodhani. Kisha walikwenda Darajani. Mle sokoni mlinukia karafuu, iliki na mdalasini, lakini upande wa samaki ulimshinda Baba Ineza.

“Mama Ineza, mimi natangulia,” alisema. “Nitakungoja huko Forodhani saa kumi na moja.”

“Haya,” alijibu mkewe, aliyekuwa amezama katika bei ya iliki.

Saa kumi na moja Mama Ineza alifika Forodhani. Wachomaji mishikaki walikuwa wakipanga meza na kuwasha makaa. Aliipita bustani yote, akaufuata ukuta wa bahari, akaenda hadi Shangani, akarudi. Hakumwona mumewe. Jua lilizama, na adhana ya magharibi ikasikika kutoka misikiti mingi kwa pamoja. Hofu ilimwingia. Alipita kichochoro kimoja, akatokea kingine, akajikuta mbele ya bibi mmoja aliyeketi barazani kwake.

“Shikamoo, bibi. Nimepoteana na mume wangu.”

“Marahaba, mwanangu. Kakwambia atakuwa wapi?”

“Alisema ataningoja huko Forodhani.”

“Huko!” Bibi alitikisa kichwa. “Huko ni kote. Angesema pale, ungejua ni pale mnapopajua nyinyi wawili. Haya, leo mlisimama wapi pamoja?”

“Mlangoni pa Ngome.”

“Basi yupo papo hapo. Nenda, mwanangu, kabla giza halijakomaa.”

Alikuwepo. Mkononi alishika mishikaki iliyokwisha kupoa, na tangu saa kumi na moja hakuwa amesogea hata hatua moja kwa kuogopa kupishana na mkewe. Mama Ineza hakujua acheke au alie.

Uchambuzi

Tuanze na neno lililowapoteza. Kisarufi, sentensi ya Baba Ineza ni sahihi: huko ni kiashiria cha ngeli ya mahali, na kinapatana na Forodhani. Lakini KU- huashiria mahali pasipobainishwa mipaka, eneo au upande fulani. PA- huashiria mahali mahususi panapojulikana kwa msemaji na msikilizaji. MU- huashiria undani. Baba Ineza alikuwa na mlango mmoja akilini mwake, naye akatumia kiashiria cha eneo zima. Mkewe alizunguka eneo zima, kama alivyoambiwa. Angesema “pale Forodhani tuliposimama mchana,” kiashiria pale na kirejeshi -po- vingemfungia mkewe mahali pamoja. Bibi wa barazani aliiona tofauti hiyo bila ya kuwahi kuhitaji jedwali lolote.

Kwa nini msemaji wa Kinyarwanda huteleza hapo? Jibu tunaloliona sisi limo katika lugha ya kwanza, na mwalimu asiyelijua atasahihisha kosa hilohilo mwaka hadi mwaka. Katika Kinyarwanda tofauti ya mahali hubebwa mwanzoni mwa kirai: mu nzu ni ndani ya nyumba, ku meza ni juu ya meza, i Kigali ni mjini Kigali. Baada ya hapo upatanisho wa kitenzi huelekea kwenye umbo moja, ha-. Husemwa mu nzu hari abantu, na vilevile ku meza hari igitabo. Kiswahili kimefanya kinyume chake. Nomino hupewa kiambishi tamati kimoja tu, -ni, bila kujali kama ni ndani, karibu au upande: nyumbani, mezani, sokoni. Tofauti huja baadaye, katika maneno yanayoifuata au kuitangulia nomino hiyo:

Sokoni hapa panauzwa samaki.
Sokoni huku kunauzwa samaki.
Sokoni humu mnauzwa samaki.

Basi msemaji wa Kinyarwanda huitafuta tofauti mwanzoni, mahali alipozoea kuikuta, naye haikuti. Akifika kwenye upatanisho, mahali ambapo Kiswahili kimeiweka, masikio yake yameshalegea. Hili si suala la uvivu wala la kutokariri. Msemaji wa Luganda ana nafuu, kwa kuwa lugha yake hubeba tofauti pande zote mbili: mu nnyumba mulimu abantu, ku mmeeza kuliko ekitabo. Darasa lenye wanafunzi wa lugha mbalimbali halina budi kuelezwa jambo hili waziwazi, tena mapema.

Kosa la pili linatokana na chanzo hichohicho. Mwanafunzi anayetaka kiambishi mwanzoni mwa nomino hukipata kwa kuazima, akaandika *ku soko au *mu nyumba. Kinyota kinaonyesha umbo lisilokubalika katika Kiswahili sanifu. Tunasisitiza maneno “katika Kiswahili sanifu,” kwa sababu katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo ku soko ni usemi wa kila siku, nao una kanuni zake. Mwanafunzi aliyekulia Goma au Bukavu hana “Kiswahili kibovu”. Ana lahaja yake, naye afundishwe sanifu juu ya msingi alio nao. Wengine hukimbilia kwenye, nao huishia kuandika *kwenye sokoni, mahali pakitajwa mara mbili. Iwe kwenye soko au sokoni. Ifahamike pia kwamba kwenye ni umbo la KU- la kivumishi -enye, na kwamba lina ndugu yake penye: penye miti hapana budi kuwa na kivuli.

Majina ya mitaa yanastahili kusimamiwa kidogo. Forodhani ni forodha pamoja na -ni, mahali pa kutozea ushuru wa bidhaa. Darajani ni kwenye daraja, ingawa leo mgeni atakuta soko. Mkunazini ni penye mkunazi. Majina hayo yamekwisha kubeba kiambishi cha mahali, na ndiyo maana hatusemi *Zanzibarini wala *Kigalini: jina halisi la mahali halihitaji -ni ili lipatane na ngeli hii. Tunasema tu Zanzibar kuna joto, Kiponda pana vichochoro. Lakini mwanachuo asikate kila -ni kwa kisu kimoja. Upo mtaa wa Mji Mkongwe uitwao Kajificheni. Hapo mzizi ni -ficha, -ji- ni kirejeshi nafsi, ka- hudokeza kwenda kutenda, na -ni ya mwisho ni ya amri kwa watu wengi: nendeni mkajifiche! Hakuna mahali popote katika -ni hiyo, japokuwa ni jina la mahali. Darasa likichoka, mfano huu huliamsha.

Nomino za viumbe nazo hazipokei -ni ya mahali. Ineza aliachwa kwa bibi yake. Hatuwezi kusema *bibini. Linganisha na barazani kwake, ambapo baraza imepokea -ni na kivumishi kimiliki kimepatanishwa kwa KU-. Barazani pake lingekuwa sahihi pia, nalo lingetuelekeza kwenye baraza yenyewe. Kwake hutuelekeza kwenye makazi ya bibi kwa ujumla.

Neno kakwambia, alilolitamka bibi, si la wakati wa -ka-. Katika mazungumzo ya Waunguja, ka- mwanzoni mwa kitenzi huweza kusimama badala ya ame-: kakwambia ni amekwambia. Mwanafunzi aelewe, lakini katika insha aandike umbo sanifu.

Inabaki swali la usahihishaji. Katika usemi wa leo, hata pwani, KU- imeenea sana, na watu husema kuna watu nyumbani bila kupima kama ni eneo, mahali mahususi au ndani. Umbo mna linazidi kusikika kwa nadra. Msimamo wetu ni kwamba mwalimu asimkate alama mwanafunzi aliyeandika kuna badala ya pana au mna ikiwa maana haikupotea. Alegeze kamba hapo, aikaze kwenye viashiria na virejeshi, yaani pale na kule, alipo na aliko na alimo, kwa kuwa hapo ndipo msikilizaji hupata taarifa ambayo hataipata kwingine katika sentensi. Mtu akiuliza “Mgonjwa yuko wapi?” na akajibiwa “Yumo,” hatahitaji kuzunguka nje ya jengo.

Mazoezi

1. Orodhesha maneno yote ya ngeli ya mahali yaliyomo katika kifungu, kisha yagawe kwa PA-, KU- na MU-. Eleza kwa nini mwandishi alitumia “mle sokoni mlinukia” lakini “bandarini palikuwa na msongamano.”

2. Andika upya maneno ya Baba Ineza kwa namna tatu tofauti ambazo zingemwezesha mkewe kumpata bila kumuuliza mtu. Angalau namna moja iwe na kirejeshi -po-.

3. Tafsiri kwa lugha yako ya kwanza: “Kitabu kipo mezani,” “Kitabu kiko mezani,” “Kitabu kimo mezani.” Je, lugha yako inazitofautisha sentensi hizi? Kama inazitofautisha, ni kwa nomino, kwa kitenzi, au kwa vyote viwili?

4. Wakiwa wawiliwawili, wanachuo wasimame pande mbili za uwanja wa chuo, mmoja akiwa amefumba macho. Mwenzake amwongoze hadi mahali fulani kwa maneno ya ngeli ya mahali pekee, bila kutaja kulia wala kushoto. Andika maneno yaliyomfikisha, na yale yaliyompoteza.