Kugawanya Diski ya Kompyuta na Kuweka Mfumo Mpya

Wenzangu wanafunzi, na ninyi kaka na dada zetu mliotutangulia katika shule hii, somo letu leo lahusu kazi ambayo wengi huiogopa, yaani kubadili mipaka iliyo ndani ya diski ya kompyuta, na kuweka upya mfumo wa uendeshaji pasipo kupoteza mali iliyomo. Nyumbani kwetu wengi laptopu ni moja tu, nayo imekuja mikononi mwetu baada ya kutumiwa na wengine. Ikiharibika hatuna ya pili. Kwa sababu hiyo yafaa tuifahamu kazi hii hatua kwa hatua.

Haja ya somo hili imeongezeka. Tarehe 14 Oktoba 2025 muda wa kawaida wa kuhudumiwa kwa Windows 10 ulikwisha. Windows 11 nao wataka kompyuta yenye kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na laptopu nyingi za zamani hazina kifaa hicho. Je, tuzitupe? La. Iko mifumo mingine isiyouzwa kwa fedha, kama Ubuntu, ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini (na neno hilo kwa lugha za huko ni utu, kama tusemavyo sisi), au Linux Mint uliojengwa juu yake.

DISKI NI KAMA SHAMBA

Makazi ya Nakivale, ambayo leo yamo katika wilaya ya Isingiro, yalianzishwa mwaka 1958. Huko kila mtu aishiye kwa kilimo ajua maana ya mpaka. Huwezi kuusogeza mpaka wako mpaka jirani awe na ardhi tupu inayogusana na yako. Ikiwa ardhi tupu iko ng'ambo ya shamba la mtu wa tatu, haikufai kitu. Diski nayo ni hivyo hivyo. Imegawanywa katika sehemu, na kila sehemu ina mwanzo na mwisho. Sehemu hupanuka tu ikiwa nafasi tupu iko pembeni yake.

Tena, kuusogeza mwisho wa sehemu ni kazi nyepesi, lakini kuusogeza mwanzo ni kazi nzito, kwa kuwa kila kitu kilichomo hapana budi kihamishwe. Katika diski ya zamani kazi hiyo yaweza kuchukua saa nyingi, na umeme ukikatika katikati, faili huharibika.

Tusisahau hesabu. Diski iliyoandikwa gigabaiti 500 huonekana katika Windows kuwa na 465 tu. Hakuna aliyeiba. Mtengenezaji huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti 1,000,000,000, na Windows huhesabu 1024 × 1024 × 1024, yaani 1,073,741,824. Gawanya mwenyewe uone.

MFANO WA KAZI YENYEWE

Mama mmoja jirani yetu huko Nakivale alikuwa na laptopu ya marehemu mumewe. Ndani yake mlikuwa na picha za vyeti vya ubatizo vya watoto, ripoti zao za shule, hesabu za chama cha akiba cha kina mama, na picha za nyumba yao ya Kivu ambayo sasa haipo. Laptopu ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia. Fundi mmoja wa mjini Mbarara alimwambia kwamba dawa ni moja tu, kufuta yote. Mama akaifunga katika kitenge akarudi nayo nyumbani. Aliponiuliza, "Mwanangu, ni kweli hakuna njia nyingine?" nilimjibu, "Mama, njia ipo, ila ni ndefu." Njia yenyewe ndiyo hii.

Kwanza, nakala. Faili zote tulizinakili katika flashi, kisha tukazifungua katika kompyuta nyingine moja baada ya moja. Nakala ambayo hujaifungua bado si nakala. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Pili, afya ya diski. Tuliendesha amri ya chkdsk, inayokagua kama faili zimekaa sawa. Diski yenye kutoa mlio wa kugonga-gonga isigawanywe kabisa; okoa faili ukanunue nyingine.

Tatu, kuzima kweli. Windows ina desturi ya kulala badala ya kuzimika, ili iwake upesi kesho yake. Desturi hiyo huitwa "Fast startup", nayo tuliiondoa, kwani mfumo mwingine hauwezi kuandika salama katika sehemu iliyolala. Ikiwa diski imefungwa kwa BitLocker, ifungue kwanza, au uandike katika daftari ule ufunguo wake wa tarakimu 48.

Nne, kupunguza. Ndani ya Windows tulifungua chombo cha kusimamia diski kwa kuandika diskmgmt.msc, tukachagua sehemu ya C, kisha "Shrink Volume". Hapo huulizwa kwa megabaiti, wala si kwa gigabaiti. Tulitaka kutoa gigabaiti 200, basi 200 × 1024 = 204,800, tukaandika hivyo. Windows ikikataa kutoa nafasi ya kutosha ingawa ipo, sababu huwa ni faili zisizohamishika zilizokaa katikati ya shamba kama kichuguu.

Tano, sehemu mpya. Katika nafasi ile tupu tulitengeneza sehemu ya D, tukazinakili faili za mama humo. Sasa mali ilikuwa mahali pawili, katika flashi na katika D. Mfumo ulibaki peke yake katika C.

Sita, flashi ya kuwekea. Faili ya Linux Mint ina karibu gigabaiti 3, kwa hiyo tuliipakua mjini Mbarara, tusije tukamaliza bando njiani. Tukalinganisha alama zake 64 za SHA-256 na zile zilizotangazwa na watengenezaji. Herufi moja ikitofautiana, faili imeharibika. Kisha kwa programu ya Rufus tukaiandika katika flashi ya pili, maana flashi hiyo hufutwa yote.

Saba, kuweka mfumo. Tulingoja asubuhi yenye jua, betri imejaa na laptopu imeunganishwa na sola. Laptopu ilipowaka tulibonyeza F12 (nyingine hutaka F2 au Esc) tukachagua flashi. Linux Mint huweza kujaribiwa kabla ya kuwekwa, nasi tukajaribu kibodi, sauti na mtandao. Vyote vikafanya kazi. Ndipo tukaanza kuweka.

Hapa ndipo penye hatari. Programu huuliza kama ifute diski nzima. Usikubali! Tulichagua "Something else", tukaona orodha ya sehemu zote. Tuliitambua C kwa ukubwa wake uliokuwa katika daftari, tukaifuta hiyo tu, tukatengeneza mahali pake sehemu ya aina ya ext4 yenye alama ya mkwaju, /. Ile sehemu ndogo ya EFI, ambayo ndiyo mlango wa kuwashia, hatukuifuta. D hatukuigusa.

Baada ya saa moja hivi laptopu iliwaka upya. Tulifungua D, na picha ya nyumba ya Kivu ikatokea. Mama aliitazama kitambo, kisha akasema, "Haya, sasa tuone na hesabu za chama." Zilifunguka katika LibreOffice bila tabu.

FAIDA YAKE

Siku mfumo ukiharibika tena, itafutwa sehemu ya kwanza tu, na D itabaki. Ndiyo maana ya kugawanya. Walakini diski yaweza kufa yote kwa siku moja, au kuibiwa, basi flashi iendelee kuwekwa mahali pengine penye kufuli. Akiba haiozi.

MASWALI

1. Mtu ataka kupunguza C kwa gigabaiti 150. Aandike megabaiti ngapi?
2. Nafasi tupu iko ng'ambo ya D. Kwa nini C haiwezi kuitwaa?
3. Diski iliyoandikwa gigabaiti 320 itaonekana katika Windows kuwa na ngapi?
4. Faili za mama zilikuwa katika D. Kwa nini hatukuifuta flashi?